Mfungo wa Miaka Mitano

Mlionikosa juma lililopita, kaeni chini, maana sitarudia mara mbili. Mimi ni Saumu, mke wa Yuma dereva, mkazi wa Mapendo hapa Goma. Titi langu la kushoto lilibaki hospitalini mwaka jana pamoja na uvimbe wake. Nywele zilikwenda, zikarudi. Nilipotoka huko, nusu ya mtaa walikuwa wamekwisha kunililia, na mashoga zangu wawili walikuwa wanaulizia vikwembe vyangu, vitenge vyangu vizuri, atavirithi nani.

Sikufa. Wengine hawajanisamehe mpaka leo.

Nilirudi nyumbani na kazi moja: kumeza kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano. Dokta aliona ninakunja uso, akavuta kiti.

"Mama, ugonjwa wako ulikuwa unakula homoni za mwili wako mwenyewe. Hiki kidonge kinaufungisha. Ninyi Waislamu munajua kufunga, si ndiyo? Basi huo nao utafunga miaka mitano bila kufuturu. Siku ukiacha kumeza, umeufuturisha."

Maneno hayo nilitoka nayo, na tangu siku hiyo mpaka Ramadani hii sikuwahi kukosa.

Juma lililopita niliwaacha pale ambapo mama mkwe wangu, Mama Alima, ameingia na kutuletea mgeni: Mwamini, muuza samaki wa Vitshumbi, mjane bado kijana, matiti yote mawili mahali pake. Alitaka mwanawe amwoe awe mke wa pili. Mimi nina binti mmoja tu, Fatouma, na Mama Alima alitaka mjukuu wa kiume. Yuma akajibu, "Tutaongea kisha Ramadani." Hilo ni jibu la mwanaume anayetaka watu wamwache ale.

Na Yuma mwenyewe, nisiwafiche, tangu operesheni alikuwa analala ameupa ukuta uso. Ati anaogopa kuniumiza. Mimi ningependa aniumize kidogo.

Basi Ramadani ikaandama, na Yuma akapanda gari lake akaenda zake barabara ya Kiwanja kutafuta abiria, na gari likamharibikia hukohuko. Akatuacha mimi na mama yake tutazamane.

Katika parseli yetu, yaani uani kwetu, mfungo wa mwanamke si siri. Nyuma ya jiko kuna kasufuria ka uji. Mwanamke ambaye siku zake zimefika, na dini imemwondolea swaumu, anapita huko mchana, anakunywa, anaosha kikombe, anaendelea na kazi. Hakuna anayesema neno, lakini hakuna asiyejua. Na anayepika uji ule ni Mama Alima, mkunga aliyewazalisha nusu ya wanawake wa Mapendo. Kikombe kilicholowa hakimpiti.

Mimi sikukagusa kale kasufuria. Kidonge kilikuwa kimekwisha kunikausha siku zangu. Ramadani ya nyuma nilikuwa kwenye sindano za hospitali, sikufunga kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Safari hii nilifunga moja kwa moja kama mwanaume.

Halafu kuna joto. Wenzangu mnaokimeza mnalijua. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, na mtu unaiva mzima mzima huku wengine wamejifunika mablanketi. Goma jioni ni baridi. Watu wamevaa majaketi, mimi nimevua kitambaa ninajipepea na kifuniko cha sufuria.

Na hasira. Na machozi. Siku moja sambaza, dagaa wetu wa ziwani, waliungua nikawalilia kana kwamba ni ndugu zangu. Siku nyingine Mwamini alileta samaki wake wa kukausha, harufu ikanipanda, nikatapika kando ya bafu. Ile siku sijui ilikuwa kidonge au wivu.

Mama Alima alikuwa anatazama tu. Kisha alinifuata nyuma ya jiko.

"Mama Fatouma, kuja hapa."

"Niko hapa, mama."

"Haujagusa kasufuria tangu mwezi uanze."

"Ndiyo, mama."

"Samaki inakutapisha. Unalia juu ya sambaza. Batu bote banasikia baridi, weye uko unajipepea." Akasogea, akashusha sauti. "Mutoto yangu, iko?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Wallahi nilifungua. Lakini wakati uleule Mwamini akatokea langoni na kikapu chake kichwani, kikwembe kipya, meno nje, anamsalimia Fatouma wangu kwa jina kama mtoto aliyemzaa yeye. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Mama," nikasema, "Mungu njo anajua."

Na huo si uongo. Mungu alikuwa anajua kabisa kwamba tumboni mwangu hamna kitu isipokuwa maharagwe ya daku.

Mama Alima alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Akamwita Mwamini pembeni. Sikusikia walichosema, ila niliona kikapu kikirudi kichwani na kikwembe kipya kikitoka langoni polepole. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Ndugu zangu, mimba ni kitu kizuri, hasa ile ambayo haipo. Bidoni, dumu la maji, nilikatazwa kuligusa. Kuni nilikatazwa. Niliwekewa kiti chenye mto. Mchana Mama Alima mwenyewe ananishika mkono mpaka kwenye kasufuria: "Mwenye mimba Mungu amemuruhusu kula. Kunywa, mutoto anasikia njaa." Nikanywa. Najua siku hizo nitazilipa, na Mungu anisamehe, lakini uji ulikuwa na sukari na maziwa.

Nilijiona mjanja. Nilijiona nimewaweza wote.

Jioni moja, adhana ya magharibi imelia, nimetia tende mdomoni na kidonge kiko kiganjani, mkono ukanidaka.

"Hii ni nini?"

"Kinini yangu, mama. Ya dokta."

"Ulipewa zamani, mbele ya mimba. Mimba haitaki kinini."

"Lakini dokta alisema nisiache hata siku moja..."

"Huyo dokta alizaa bangapi?"

Akaingia chumbani kwangu, akatoka na paketi zote. Alikuwa anajua zinakaa wapi, chini ya mto. Akazifunga kwenye pindo la kikwembe chake, akalichomeka kiunoni.

"Utazipata ukimaliza kuzaa." Kisha akazishika tena kwa juu ya nguo. "Kwani hii kitu inafanyaka nini kabisa? Njo inafukuzaka ule uvimbe?"

"Kwanza kisu, mama. Kisha kinini, ili usirudi."

"Na ule uvimbe, mwanzo, ulikuwa unauma?"

"Haukuuma hata kidogo. Njo ubaya yake."

Akakaza fundo, akaniambia nimalizie tende yangu.

Neno moja tu lingenirudishia vidonge: hakuna mimba. Lakini neno hilohilo lingemrudisha na Mwamini na kikapu chake. Nikamalizia tende. Jioni ile ugonjwa wangu ulifuturu pamoja nasi, na mimi ndiye niliyeukaribisha mkekani.

Sikulala vizuri, na kulipokucha nilikwenda kwa Donatille.

Donatille ni jirani yangu, fundi wa nguo, mtu wa Rutshuru, muimbaji wa kwaya kanisani. Kati ya parseli yake na yetu kuna ukuta wa mbao tu. Tulikutana hospitalini, kwenye benchi ya wale wanaosubiri majibu, tukagundua kwamba tulikuwa tumesafiri mbali kote huko kumwona mtu tunayemsikia akikoroma kila siku. Ugonjwa wetu ni mmoja, kidonge chetu ni kimoja.

"Mama Donatille, niazime kinini. Mama mukwe alikamata zangu."

Akasimamisha cherehani, akafungua sanduku la vitambaa, akanipa paketi. Kisha nyingine. Kisha nyingine tena, zote hazijafunguliwa.

"Juu ya nini uko na nyingi hivi?"

Akaanza kutafuta mkasi aliokuwa ameushika mkononi.

"Donatille!"

"Niliacha," akasema. "Tangu Noeli."

"Uliacha?"

"Saumu, usinikaripie. Niko mu kwaya, tunaimba, joto inapanda, robe yote inalowa maji. Batu banasema, angalia, Roho imemushukia Donatille! Banaanza kulia, banakuja niwaombee. Pasta amenipa siku ya kushuhudia. Nitashuhudia nini miye? Nikaona heri kuacha kinini kuliko kudanganya kanisa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Naye akacheka. Kisha hatukucheka tena.

"Sina uvimbe sasa," akasema taratibu. "Niko najisikia muzima. Mutu muzima anamezaka dawa ya nini?"

"Njo mama mukwe naye anavyofikiri. Na ugonjwa wenyewe hausemi kitu, unangojea tu tuuite kwenye chakula."

Nikamweleza ya dokta, ya mfungo. Yeye Mkristo, lakini alielewa upesi.

"Basi ni mufungo," akasema. "Lakini miye peke yangu siwezi. Nikiwa peke yangu nasahau, ao najisahaulisha."

Hapo tukafanya agano. Hakuna anayemeza peke yake. Adhana ya magharibi ikilia, Donatille anagonga ubao kwa mkasi, tak tak. Mimi ninasingizia kwenda kumwaga maji, ninapita kwenye ubao uliolegea, ananipa kidonge, tunameza pamoja, ninagonga tak tak, kila mtu anarudi kwake.

"Mana weee," alisema siku ya kwanza akipangusa mdomo. "Mukristo wa Rutshuru anamezea dawa ku adhana. Pasta akijua!"

"Nani atamuambia?"

Alitoa jasho, aliimba, watu walilia, na hakuacha tena. Mimi nilitoa jasho, nikaitwa mwenye mimba, na sikuacha tena. Mambo yalikuwa yamekaa sawa kabisa.

Isipokuwa paketi za mtu mmoja zikiliwa na wawili hazidumu. Kuelekea mwisho wa mwezi Donatille alitikisa ya mwisho, ikawa kimya. Farmasi tunakonunua walisema mzigo uko ng'ambo, Gisenyi, turudi kisha Idi.

"Yangu tumekula," Donatille akasema. "Sasa tukule yako."

"Yangu iko mu kiuno ya mama mukwe."

"Basi chukua."

Nikajaribu. Alipokwenda kuoga, alioga nayo. Alipolala mchana, alilalia fundo. Nilimvizia hata kwenye tarawehe: tumesimama safu moja, ameenda kusujudu, mimi nikapeleka vidole viwili kwenye pindo. Akasujudu muda mfupi kuliko kawaida yake. Nilibaki nimeinama peke yangu, mkono umenyooka, na mke wa imamu ananiangalia.

Siku ya mwisho ya mfungo simu ikalia. Mama Alima alipokea, akazungumza kwa furaha, akakata.

"Yuma iko njiani. Gari imetengenezwa. Nilimuambia habari yako tangu juzi."

"Habari gani, mama?"

"Ya mimba! Utafikiri ni habari gani?"

Nikaenda kuoga, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni langu la Idi lenye pamba iliyoshonewa upande wa kushoto, kazi ya Donatille. Niko mbele ya kioo ninajifunga kitambaa, ninajisifu, na hapo ndipo nilipokumbuka ukuta.

Ukuta, ndugu zangu. Ule ambao mume wangu anaupa uso tangu operesheni.

Mama mkwe hakuujua. Majirani hawakuujua. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angejua kwa yakini kabisa kwamba mimba ya Saumu si yake, na mtu huyo alikuwa anateremka kutoka Kiwanja anakuja kufuturu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa nimemkimbia mke mwenza nikajifanya mzinzi.

Nilitaka nimkimbilie barabarani nimwambie. Lakini honi ikalia langoni, na mkeka ulikuwa umekwisha kujaa: shemeji zangu, wake zao, majirani waliokuja kula kwetu siku ya kuaga Ramadani.

Yuma aliingia na vumbi lake lote. Mama Alima akampokea kwa vigelegele.

"Yuma! Mungu amejibu! Bibi yako iko na mimba!"

Watu wakapiga makofi. Yuma akatazama tumbo langu. Akatazama viatu vyake. Kisha akanitazama machoni, na sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo, hata siku waliyomwambia kwamba nina kansa. Nikangoja anitamkie talaka mbele ya sambusa.

"Alhamdulilahi," akasema. "Nilikuwa najua. Aliniambiaka miye wa kwanza."

Wakashangilia. Mimi nilishika ukingo wa mkeka.

Alinifunika. Aliamini kabisa kwamba nimemsaliti, na mbele ya watu wote akatoa heshima yake akanifunika nayo. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya ndoa, na nilijichukia vilevile.

Akainama kuchukua kikombe karibu na bega langu.

"Tukimaliza kula," akaninong'oneza, "utanionyesha ni ya nani."

Adhana ikalia.

Tak tak, ubao ukasema.

Watu wakatia tende mdomoni. Mimi nilikaa.

Tak tak.

Nilimjua Donatille jinsi alivyosimama pale: kikombe cha maji mkono mmoja, mkasi mwingine, na hana cha kumeza mpaka mimi nilete. Ningenyamaza jioni hiyo, angengoja. Kesho angengoja kidogo. Keshokutwa angerudi kuficha vidonge kwenye sanduku lake la vitambaa, na safari ile nisingeweza kumtoa tena.

Niliutazama mkeka. Nikamtazama Mama Alima na pindo lake. Nikajisikia nimechoka na ujanja wangu wote.

"Mama," nikasema, "nipe kinini yangu."

Wakaacha kutafuna.

"Leo ni siku ya furaha," akasema. "Kula kwanza."

"Nipe hapa mbele ya batu, ao twende mu chumba. Lakini nipe."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake alishusha macho, akaweka tende yake chini haijaumwa, akanyanyuka kwa shida akishika kifua. Tukaingia chumbani. Nikatia komeo.

"Mama, nisamehe. Hakuna mimba. Nilikudanganya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Hakuna mimba. Nimezalisha banamuke tangu weye haujazaliwa, Saumu. Unafikiri sijui sura ya mwenye mimba?"

Nilikosa pa kukaa, nikakaa juu ya ndoo.

"Sasa vigelegele vyote vile? Kiti cha mto? Uji?"

"Nilitafuta njia ya kukamata kinini bila kuomba. Mwamini nilimuambia angojee tu."

Akalifungua pindo. Paketi zikaanguka kitandani. Nikaokota moja, nyepesi. Nikageuza: vijumba vyote vimepasuliwa. Nikashika ya pili, ya tatu. Hakukuwa na kidonge hata kimoja.

"Ziko wapi?"

"Nilimeza."

"Zote?"

"Siku zingine mbili, siku zingine tatu. Ili iende mbio."

"Mama, hazimezwi hivyo! Na umemeza juu ya nini dawa ya..."

Alishika mkono wangu, uleule aliokuwa ameudaka siku ya tende, akaupitisha chini ya blauzi yake, karibu na kwapa. Nikataka kuutoa, akaukaza.

Lilikuwepo jiwe. Gumu, tulivu, kubwa kuliko langu lilivyokuwa. Hakukunja hata uso alipolibonyeza. Nilijua ni nini kabla vidole havijamaliza kulizunguka.

"Tangu lini?"

"Tangu weye unalala ku opitali."

"Umeniona nikipona, na ukanyamaza?"

"Nilikuona ukikatwa," akasema, "nikanyamaza."

Alikuwa analia bila sauti, mama huyu ambaye nilimchukia Ramadani nzima, na nikajikuta nimemkumbatia kwa upande wangu usio na kitu. Basi hata Mwamini nikamwelewa. Mama Alima hakutaka kunifukuza. Alitaka amwone mjukuu wa kiume kabla ya kuondoka, na aliona muda hautoshi.

"Mama, twende. Kuna dokta. Miye niko hapa, si unaniona?"

"Hapana."

"Mama..."

Mlango ukagongwa. Nyuma ya nyumba, ubaoni, mkasi ukagonga. Nikawa katikati, huku Donatille, huku mume wangu.

"Saumu," Yuma akasema nje, taratibu ili wageni wasisikie. "Fungua. Nimengoja vya kutosha. Mimba ni ya nani?"

Mama Alima akanifumba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya tende.

"Mwambie ni ya kwake," akaninong'oneza haraka haraka. "Nitaapa pamoja na weye. Kisha mwezi moja tutasema imetoka, miye njo mukunga, nani atabisha? Na Mwamini hatakanyaga hapa tena, naapa kwa Mungu, nitamukatalia Yuma bibi wa pili mpaka nife. Lakini hii," akaubonyeza mkono wangu pale penye jiwe, "hii haukuigusa. Usiseme. Siendi ku kisu."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo niliyokuwa ninayatafuta tangu alipomleta yule mwanamke. Aliniwekea yote kiganjani: mume, nyumba, heshima. Bei yake ilikuwa kukaa kimya nimtazame akiulisha ugonjwa wake mpaka ushibe.

Nikautoa mkono wangu. Nikavuta komeo.

Yuma alikuwa amesimama kizingitini, macho mekundu, funguo za gari bado ziko kidoleni. Akamwona mama yake na blauzi iliyopandishwa. Akaona paketi tupu kitandani. Nyuma ya nyumba mkasi ulikuwa haujachoka.

"Nini?" akauliza. "Nini, Saumu? Sema!"

Nilifungua mdomo. Na hapo, juu ya bega la mume wangu, nikamwona Mwamini anaingia langoni, kikapu kichwani, ametuletea samaki wa Idi. Mengine juma lijalo, ndugu zangu.